Skii za Mawe

Theluji ya kwanza ilianguka Alhamisi. Kufikia Jumamosi kimo chake kilikuwa kiganja kimoja juu ya mawe, na kiganja si theluji. Lakini watu wa bonde lile hawajui kusubiri. Kila nyumba ina skii za mawe, yaani mbao ndefu za kutelezea thelujini, jozi kuukuu iliyomaliza enzi zake, ambayo hutolewa Novemba ikwaruzwe na mawe yaliyojificha, ili jozi nzuri ibaki ukutani ikingoja Januari.

Za Åshild zilivunjika Aprili.

"Chukua zangu," alisema mumewe Eivind, macho kwenye gazeti.

"Zipi? Wewe huna za mawe."

"Zile nyeusi. Kuanzia leo ni za mawe."

Åshild akaweka kikombe chini. Zile nyeusi zilikuwa na miaka miwili tu. Jozi haishushwi cheo hivi hivi. Mwenyewe ndiye huamua, na ikishashuka haipandi tena. Tangu Eivind abadilishwe nyonga mwezi Juni, karatasi ya mazoezi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji. Jibini lililokuwa ndani lilipata kuguswa mara nyingi kuliko hiyo karatasi.

"Daktari alisema ukifanya mazoezi, Januari utajaribu kwenye tambarare."

"Daktari mwenyewe ana miaka thelathini, anajua nini? Chukua, mke wangu. Mimi basi."

Jibu alikuwa nalo, tena kali, lakini nje honi ililia. Halvor, mdogo wake Eivind, alikuwa amefika. Walikuwa wanakwenda kutega panya kwenye kibanda cha familia huko mlimani kabla baridi haijakaza.

Kilima cha kwanza kilimtoa Åshild jasho. Zile skii nyeusi zilikuwa ngumu, zimepimwa kwa kilo tisini za Eivind, na chini ya Åshild hazikukandamizika vya kutosha kushika theluji. Kila hatua mbili alirudi nyuma moja.

"Shemeji, kibanda kiko huku juu!" Halvor alimpigia kelele.

"Nakijua kilipo. Twende."

Kisha skii za Halvor zikapita juu ya jiwe, krrr, kama kisu kwenye sahani. Halvor hakujali. Åshild alisimama, akavua skii, akaziweka begani, akavuka kwa miguu.

"Umepatwa na nini?"

"Kuna jiwe."

"Ndiyo maana zinaitwa za mawe! Watu wakikuona watadhani umeziiba."

"Waache wadhani."

Alivua na kuvaa mara saba. Hata yeye alijiona mjinga. Mwenye skii ameshasema basi. Yeye anamlindia nini? Lakini kila alipotaka kupita tu, mguu ulikataa.

Walipofika kwenye kinamasi kilichoganda waliketi kwenye gogo kula mkate na jibini la kahawia. Åshild aligeuza skii moja ili afute barafu, akatulia. Katikati, pale chini ya buti, nta inayopakwa ili skii ishike theluji ilikuwa ya buluu. Aprili, theluji inapolowa, Eivind hupaka nyekundu. Buluu ni ya theluji mpya ya baridi. Na alama ya kidole gumba ilikuwa bado imo.

"Ulimpakia ndugu yako nta?" aliuliza.

"Mimi? Tangu lini amemruhusu mtu azishike?" Halvor alitafuna. "Halafu nani anapaka nta nzuri kwenye skii za mawe?"

Alhamisi, theluji ilipoanguka, Åshild alikuwa kazini hadi saa kumi na mbili jioni. Mtu asiyeweza kuinama kwenye friji alikuwa ameshuka ngazi za ghala la skii peke yake, na magongo yake.

Walitega mitego, wakarudi. Eivind alikuwa kwenye kiti kilekile. Åshild alimwekea skii mapajani. Eivind akapitisha kidole gumba kutoka ncha hadi mkia, kama kawaida yake, kisha kwenye ya pili, asikute mkwaruzo.

"Hukutoka?"

"Nimetoka. Kilomita kumi na nne."

"Na mawe je?"

"Yamejaa. Nilitembea kwa miguu, mdogo wako akinicheka njia nzima." Alivua glavu. "Ukitaka zikwaruzwe, kazikwaruze mwenyewe. Mimi siwezi kukusaidia kwa hilo. Na nta ya buluu ni yako, usinidanganye."

Eivind aliangalia dirishani. Nje giza lilikuwa linaingia.

"Pale kinamasini theluji ilikuwa kiasi gani?"

"Kiganja. Pengine na vidole viwili."

"Haitoshi."

"Haitoshi," Åshild alikubali.

Eivind aliegemeza skii ukutani, akashika mikono ya kiti, akasimama huku akisaga meno. Akafika kwenye friji, akaibandua karatasi.

"Zoezi la kwanza linasema nilale chini," alisema. "Nikishalala, nani ataniinua?"

"Lala kwanza," alisema Åshild, akasukuma meza pembeni.