Nyanya Chungu Ametushinda

Kapu sikuliomba mimi. Aliliomba mkwe wangu, mke wa mwanangu, siku aliporudi kutoka kazini na habari kwamba kuna mkulima nje ya mji anayegawa mavuno kwa hisa. Kaya arobaini mnajiandikisha mwanzoni mwa msimu, halafu kila Jumamosi kila kaya inapata kapu lake. Huchagui. Shamba likitoa mchicha, mtakula mchicha. Likitoa maboga, mtakula maboga mpaka mgeuke rangi. "Tutakuwa tunakula kwa msimu, Mama," akaniambia, macho yanamng'aa. Nikamuuliza, kwani sisi wengine tulikuwa tunakula kwa kalenda ya wapi? Akacheka. Enzi hizo bado alikuwa ananichekea.

Kapu la kwanza lilipofika alilizunguka mara mbili. Lilikuwa na boga moja zito, majani ya kunde, vitunguu vyenye udongo wake, na rundo la majani ambayo hakuyajua jina. Mkwe wangu anapokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, anajua kumtuliza mtu anayelia kwa jino, lakini majani yale yalimtoa jasho. "Mama, hivi haya yanapikwaje?" Mimi nimepika hospitalini miaka thelathini na mmoja, wagonjwa mia tatu kwa siku, wa sukari na wa presha kila mmoja na sufuria lake. Kapu moja linibabaishe? Nikafunga aproni. Tangu siku hiyo jiko likawa langu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ila sikuyaona.

Niseme ukweli wangu kabla wengine hawajausema. Nilikuja nyumba hii kwa miezi mitatu tu, kumsaidia mkwe wangu alipojifungua. Mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la nne, fanya hesabu. Na mdomo wangu naujua. Siku moja mkwe wangu alikuja na wenzake wa kazini, nikawapakulia, wakasifu chakula, wakamgeukia yeye: "Kumbe wewe mpishi!" Nikadakia, "Huyu? Huyu anajua kuchemsha maji tu, na hata maji yenyewe yanaungua." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Yeye naye alicheka, lakini kwa meno tu. Usiku hakula. Nilimwona, na wala sikumwomba radhi, nikasema moyoni utani ni utani.

Mjukuu wangu ananiita Nyanya. Shuleni walikuwa wanafundishwa ngeli, basi nyumba nzima tukakoma. Huwezi kusema "viatu yangu" ukabaki salama. Aliyepata tabu zaidi ni baba yake. Mwanangu ni fundi wa lifti, anashinda ndani ya mashimo ya maghorofa na mafundi wenzake, na Kiswahili chake kimejaa grisi kama mikono yake. Mtoto anamfuata chumba hadi chumba: "Baba, si 'funguo iko wapi', ni 'ufunguo uko wapi'!" Naye anainua mikono juu kama aliyekamatwa.

Jioni moja nilikuwa nakata vitunguu, mjukuu wangu anaandika mezani. Alipewa maneno yenye maana mbili.

"Nyanya," akasoma. "Nyanya imeoza, hiyo ya kapuni. Nyanya amelala, hiyo wewe."

"Na mimi nikioza?"

"Utakuwa umeoza, Nyanya. Hatuwezi kusema wewe imeoza. Wewe ni mtu!"

Tulicheka hadi vitunguu vikanitoa machozi ya bure. Laiti ningejua somo lile lilikuwa langu.

Basi ukaingia msimu wa nyanya chungu. Unazijua, zile ndogo za kijani zenye mistari, kama bilinganya lililogoma kukua. Jumamosi ya kwanza tulizifurahia. Ya pili tukazila. Kufika ya sita, mwanangu akiinua kitambaa cha kapu anakirudisha taratibu kama aliyefunua maiti. Lakini mimi nilizipenda, maana ndizo zinazompima mpishi. Unazikata vipande vinne bila kuziachanisha, unazinyunyizia chumvi, unaziacha nusu saa zitoe maji yake machungu. Unazikamua kwa mkono, kwa huruma, zisipasuke. Kitunguu kinakaangwa mpaka kiwe cha kahawia, karanga za kusaga zinaingia mwisho, moto mdogo. Ukizila zingali moto hutajua kama ziliwahi kuwa chungu. Ukiziacha zikapoa, uchungu unarudi, sijui huwa umejificha wapi.

Mkulima ana kundi lake la simu. Kila Alhamisi anaandika kitakachokuwa kapuni, na watu wanajibu: mimi boga hapana, mimi niongezee kunde. Mimi nimo, kwa sababu ndiye ninayekwenda kuchukua kapu. Sijawahi kuandika neno, nasoma tu, nipate kujua niloweke maharage au nisiloweke. Nadhani mkwe wangu alishasahau kwamba nimo.

Alhamisi ile nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, simu mkononi. Mkulima akaandika: nyanya chungu, mchicha, karoti chache. Mara likaingia jina la mkwe wangu, na chini yake maneno haya:

"Nyanya chungu ametushinda. Wifi amekubali kumchukua mwisho wa mwezi."

Nikasoma mara moja. Kabla sijarudia, yakafutika. Pakabaki pale panapoandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Dakika moja baadaye akaandika upya: "Nyanya chungu zimetushinda. Naomba tupunguziwe." Muuza miwani wa mtaa wa pili, ambaye hana dogo, alikuwa ameshaona. "Kwani hizo za kwenu zina miguu?" akauliza, na vicheko chungu nzima. Wengine wakaitikia. Mkulima akajibu kwa heshima kwamba hakuna shida, atatuwekea karoti zaidi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi ulimi umehamia kwenye dole gumba. Ujumbe ulikuwa unakwenda kwingine ukaangukia shambani.

Nilikaa pale mpaka jiko likapoa. Nyanya chungu. Kumbe nina jina! Na si jina la jana, jina likitoka vidoleni kwa wepesi namna ile limeshazoeleka. Wifi yake ni binti yangu wa kumzaa, anayeishi mji mwingine, vyumba viwili na watu watano. Amekubali. Hakuniambia, na Jumapili alinipigia tukaongea nusu saa juu ya goti langu.

Lakini kilichoninyima usingizi siku mbili hakikuwa hicho. Kilikuwa herufi mbili tu. Ametushinda. Tu. Hao "sisi" ni akina nani? Kama ni mkwe wangu na dada zake, potelea mbali. Mwanamke kumchoka mama mkwe si habari ya kutangaza redioni, na mimi mwenyewe nilimchokoza. Inawezekana alipanga na wifi yake tu, wanawake wawili kwenye simu, na mwanangu hana habari, yuko ndani ya shimo la lifti anapaka grisi. Akisikia atawaka. Atasema mama yangu haendi popote. Nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, mtoto wa kwanza, amekaa vibaya. Mtu uliyemzaa kwa uchungu namna hiyo hawezi kukuita chungu. Ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia mara nyingi.

Ningeweza kumuuliza. Ningempigia binti yangu ningepata jibu kabla chai haijachemka. Nani, mimi? Niliogopa. Nimesema mdomo wangu naujua, lakini kwa hili ulikauka.

Jumamosi nikaenda kuchukua kapu, kwenye maegesho nyuma ya duka la dawa. Mkulima ni mwanamke mrefu, buti za mpira mpaka magotini. "Shikamoo Mama. Nyumbani mmesema nyanya chungu zimewashinda, nimewawekea karoti."

"Marahaba. Karoti rudisha. Nipe nyanya chungu."

"Ngapi?"

"Zote ulizotupunguzia, na za mtu mwingine yeyote aliyezikataa."

Muuza miwani alikuwa nyuma yangu. "Mama, hizo zina miguu, zisije zikakukimbia!" Watu wakacheka. Nikamwambia hizi haziendi popote mpaka zifukuzwe. Wakacheka zaidi. Nilibeba kapu zito mpaka nyumbani na goti langu lile lile.

Siku ile nilipika. Sijisifu. Sikupika hivyo hata siku mkurugenzi wa hospitali alipokuja kuonja chakula cha wodi. Nilizitia chumvi nikazisubiri si nusu saa, saa nzima. Nikazikamua moja moja. Karanga nilizikaanga mwenyewe, nikazisaga mwenyewe, nikaacha zile za kopo. Mchicha pembeni, wali mweupe, kila punje peke yake. Nilikuwa napika huku najidanganya kwamba chakula kikiwa kitamu vya kutosha, jibu litakuwa jema. Mpishi wa miaka thelathini na mmoja, eti.

Mchana tukakaa wanne. Mkwe wangu alipoona bakuli akaniangalia haraka, kisha akaangalia simu yake, kisha akaniangalia tena. Nikampakulia kwanza yeye. Akasema, "Ahsante, Mama." Sauti ilikuwa ya chini.

Walikula. Hata mtoto alikula. Mwanangu aliongeza, na mimi nikamtazama anavyotafuna, shavu moja limetuna kama zamani, nikaona kwamba nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Mwanangu," nikasema. "Mkulima leo kaniuliza swali nikashindwa kujibu. Ameambiwa nyumba hii nyanya chungu zimetushinda. Ni kweli? Na wewe zimekushinda?"

Nililitamka vizuri, zi-me, zi-me-ku, kama mwalimu anayesomesha imla. Mkwe wangu kijiko kilisimama njiani. Mwanangu hakuinua kichwa. Alikuwa na wali mdomoni, akaumeza, akafikiri kidogo, akajibu kwa upole, ule upole wake wa tangu utotoni.

"Hapana, Mama. Mimi hajanishinda."

Nilisikia. Nikangoja labda nimesikia vibaya, masikio yangu nayo yana umri.

"Baba!" mjukuu wangu akaruka kwenye kiti, amefurahi. "Umekosea! Hazijanishinda! Nyanya chungu si mtu!"

Mwanangu aliinua uso sasa, akanitazama, na uso ule nilipouona sikuhitaji kumpigia binti yangu wala mtu mwingine. Alikuwemo. Alikuwemo kwenye ile "tu" tangu mwanzo, jina langu lile alilizoea mdomoni mpaka lilitoka lenyewe mbele yangu, katikati ya wali. Na kilichoniuma zaidi ya vyote ni kwamba alikuwa ananitetea. Ndiyo, alikuwa anajaribu kunitetea, mwanangu, kwamba wenzake nimewashinda lakini yeye bado.

"Sema tena, Baba. Hazi-ja-ni-shinda."

"Mwache baba yako," nikamwambia mtoto. "Leo hajakosea."

Mkwe wangu alianza kulia bila sauti, mkono mdomoni. Sikumwonea hasira. Nilikuwa nimeiandaa hasira yangu siku mbili, nikaitafuta sikuiona ilipo. Nilimwambia mwisho wa mwezi ni mbali, nitaondoka Jumamosi ijayo, nikishachukua kapu nimfundishe kwanza kuzikamua, maana msimu bado una wiki tatu.

"Nyanya unaenda wapi?" mtoto akauliza.

"Kwa shangazi yako."

"Mama," mwanangu akasema. Akaweka kijiko chini. "Mama, mimi…"

"Kula," nikamwambia. "Zikipoa uchungu unarudi."

Akachukua kijiko. Akala, mimi nikiwa nimekaa pale namtazama, mpaka akamaliza.