Upande wa Ndani wa Ramani

Ramani ilisema mto uko kushoto. Mto ulikuwa kulia, tena unapiga kelele kwenye mawe bila wasiwasi wowote. Injinia akaizungusha ramani kiubavu, mto ukahamia pabaya zaidi, akaamua kwamba msitu ndio uliokosea.

"Misitu haihami," alisema Kobe, akakaa chini. Kobe, tuliyempa jina hilo kwa uzito wake, hukaa chini kwa jambo lolote.

Tulikuwa watatu, marafiki tangu tukiwa na meno ya utotoni, na hakuna aliyejua tuko wapi. Mbele mwamba, nyuma mwamba. Nilianza kushuku kwamba ni mwamba mmoja.

Nilitaka kulia, sioni aibu kusema. Bibi yangu ni fundi cherehani, na akili yake imepotea mpaka hamtambui Mama, mtoto wake wa kumzaa. Anamwita mteja. "Karibu mteja, gauni lako bado." Mama hujibu, "Haya, nitasubiri," kisha huingia jikoni na hatoki mpaka macho yakauke. Kitu kimoja tu Bibi hajakisahau: cherehani aliyoizika msituni walipokimbia vita, Mama akiwa mtoto mdogo. Juzi alichukua kitambaa cheupe, akashona ramani kwa uzi mweusi, akanikabidhi. "Kailete. Kazi ya watu imelala." Nikajiambia, nikiileta, na Bibi atarudi. Mfa maji haachi kutapatapa.

Injinia, ambaye uinjinia wake wote ni kufungua redio zisizolia tena, kabla hatujaondoka alikuwa ameipaka ramani gundi akaibandika kwenye kipande cha boksi isije ikakunjamana. Uzi ulikuwa na vifundo hapa na pale, naye akatangaza kwamba kila kifundo ni alama. Kidogo ni mti, kikubwa ni hazina. Tukachimba penye kifundo kikubwa cha kwanza, tukapata mizizi. Cha pili kikatupa mizizi na siafu. Kobe akapanda juu ya jiwe, akatukumbusha kwamba yeye alikuja kusindikiza tu.

"Labda Bibi yako alibuni," Injinia alisema taratibu. "Si unajua hali yake."

Nilijua, ndiyo maana nilikasirika. Nilimpokonya boksi, nikawa napapasa vile vifundo huku nikitafuta tusi la kumtosha, mara kidole kikasita. Nimekulia chini ya meza ya Bibi nikiokota pini. Fundi huficha vifundo. Haviwekwi upande wa kuonekana na watu.

"Huu ni upande wa ndani," nilisema.

"Wa ndani wa nini?"

"Wa kitambaa. Umeubandika uso wa ramani kwenye boksi. Tunasoma mgongo wake, kushoto yote imekuwa kulia."

Tuliibandua kwa maji ya mtoni na subira. Upande wa pili ulikuwa safi, hauna kifundo hata kimoja, na mto ulikuwa pale ulipo mto.

Tuliifuata mpaka chini ya mwamba ulioinama, jembe likagonga kitu. Tulikuta turubai, ndani yake blanketi lililolowa grisi, na ndani ya blanketi kichwa cha cherehani. Gurudumu lilikuwa limeshikwa na kutu, halizunguki. Chini ya sindano kulikuwa na kigauni cha maua cha mtoto mdogo, mkono mmoja umeshonwa, wa pili unaning'inia.

Nyumbani tuliiweka cherehani mezani mbele ya Bibi. Alisukuma gurudumu, likagoma, nami nikakata tamaa kabisa. Jasho lote lile kwa ajili ya chuma kilichokufa. Lakini Bibi wala hakuwa na habari na chuma. Alikata uzi wa zamani, akakitoa kigauni, akatunga sindano ya mkono, akaushona ule mkono uliobaki mpaka mwisho. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akisubiri kuitwa mteja.

Bibi alimtazama. Akatazama kigauni, akamtazama tena, uso umejaa mashaka, kama sisi na ule mto. Kisha akavuta futi iliyokuwa shingoni mwake.

"Mwanangu," alisema kwa ukali, "gauni hili halikutoshi tena. Umekua lini? Njoo nikupime."

Mama, na mvi zake zote, akaja akanyoosha mikono.