Muziki Ulipochuchumaa

Jana usiku nililala bila kuzima redio, nikaota naitafuta sauti ya mume wangu, Baba Kalista.

Alikuwa fundi mitambo katika redio moja hapa Songea. Miaka yote aliwafungulia wengine kipaza sauti. Yeye mwenyewe hakurekodiwa hata akikohoa. Ila jioni, akikaribia kutoka kazini, aliushusha muziki kidogo bila mtangazaji kusema lolote, kisha akaupandisha. Mimi nyumbani nikajua: bandika maji ya ugali. Tangu tumzike, muziki haujashuka hivyo tena.

Katika ndoto naingia jikoni, na jikoni ni studio. Kuta zimebandikwa trei za mayai, na mayai yamo. Mezani kuna kisanduku cha kupimia na kubana sauti, chenye kioo na mshale unaotikisika.

"Pole na msiba, mama," kinasema.

"Asante, nimeshapoa. Namtafuta Baba Kalista."

"Yuko kule nyuma ya muziki. Ila punguza sauti, mshale umeshapita mstari mwekundu."

Natazama. Kweli, muziki umepanga foleni: magitaa mbele, ngoma, kinanda, na nyuma kabisa mume wangu na sweta lake la kijivu, hedifoni shingoni. Namwita. Wote wanachuchumaa. Naye anachuchumaa.

"Wana nini hawa?"

"Ndiyo sheria. Akisema mtu, walio nyuma yake wanashuka. Akinyamaza wanainuka, tena polepole. Wakiinuka kwa pupa watamshtua msikilizaji."

Naangua kilio, kile cha makaburini. Kisanduku kinakidaka, kinakifinyanga kama tonge, kinanirudishia kiganjani. Kimebaki kidogo kama punje ya harage.

"Mbona umekibana? Ni kilio changu hicho!"

"Kikizidi nabana. Hata cha askofu ningebana."

Mara tuko sokoni, kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mashine inanguruma. Nasema, "Baba Kalista, ni mimi," na mashine inachuchumaa, unga unasimama hewani. Yeye anazidi kushuka, mpaka naona utosi tu.

"Mama," kinasema kisanduku, sasa kimekaa juu ya gunia la pumba, "anayemshusha ni wewe."

Naufunga mdomo. Siuamini, naushindilia kwa upindo wa kanga. Taratibu unatokea utosi, yanatokea masikio, mabega, sweta. Ananitazama kama mtu aliyetoka kazini akiwa na njaa. Anafungua mdomo. Nami kwa furaha nashindwa kujizuia:

"Eeh, sema, baba!"

Anachuchumaa.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Upindo wa kanga ulikuwa mdomoni mwangu, umelowa. Juu ya meza redio ilikuwa ikiendelea kuimba yenyewe. Sikuutoa upindo.

Wimbo ukashuka.

Nikangoja mtangazaji. Hakusema mtu. Ukakaa chini kwa muda wa kutosha mtu kusema maneno mawili matatu, kisha ukapanda, polepole, bila kumshtua msikilizaji.

Haikuwa saa ya ugali. Nikainuka, nikawasha mkaa, nikabandika maji ya watu wawili.