Simeoni na Sinia la Mlenda

Mlenda haumsubiri mtu. Nyumbani kwa bibi Severina, kijijini Mungaa, wajukuu watatu walikula sinia moja, na wawili kati yao walikuwa na mikono kama kuku aparuaye. Wa tatu, Simeoni, alimeza matonge mawili, kisha akainua uso, mdomo wazi, akivuta hewa. Akiushusha, ugali umekwisha.

"Unangoja mvua ikunyeshee mdomoni?" binamu yake Gerald alimcheka.

Elina, mama wa Simeoni, akamtengea sahani. Mtoto akaisukuma. "Sahani ni ya wageni na wagonjwa. Mimi si mgeni." Akabaki kwenye sinia na njaa yake, kaptula ikizidi kumpwaya.

Daktari wa mjini Singida alisema kuna nyama imeota nyuma ya pua, imeziba njia ya hewa. Itolewe. Bibi akashika kichwa.

"Mtamkata pua mjukuu wangu? Ile pua ni ya marehemu babu yake!"

"Hawataikata, mama," Elina alimjibu mkwewe, ingawa roho yake mwenyewe ilikuwa mkononi.

Simeoni alipozinduka baada ya upasuaji, bibi aliinama akaikagua pua, kulia, kushoto. Hakuna kidonda wala bandeji.

"Mama Simeoni, tumepigwa! Hawajafanya kitu hawa!"

Nesi alicheka hadi akaegemea ukuta. "Shikamoo, bibi. Tumepitia mdomoni."

"Marahaba. Puani mnaenda kwa kupitia mdomoni? Si ndiyo kwenda Manyoni kwa njia ya Arusha!"

Nyumbani, kicheko kilimwisha Elina. Mtoto alikunywa uji uliopoa, peke yake, na usiku alikoroma vilevile kama kabla ya upasuaji. Daktari alikwisha sema uvimbe utapungua taratibu, lakini kila Elina alipomtegea sikio, alisikia mkoromo uleule. Je, kama ndiyo basi tena?

Ruhusa ya kula ugali ilipofika, Simeoni alikwenda moja kwa moja kwa wenzake. Elina akasimama mlangoni, mwiko mkononi. Mtoto akakata tonge, akachovya, akafunga mdomo. Tonge la pili. Gerald akaacha kula, akimngoja ainue uso. Wapi! La tatu, la nne, mashavu yamejaa, macho yanacheka.

"Bibi! Njoo! Simeoni anakula bila kupumua, atakufa!"

Bibi alikuja mbio, akaweka kidole chini ya ile pua. Akatulia. "Mama Simeoni, hebu weka na chako."

Elina akaweka. Pumzi ya uvuguvugu ikamgusa, ikaondoka, ikarudi.

Simeoni hakuwa na nafasi ya hayo. Aliusukuma mkono wa mama yake kwa kiwiko, maana Gerald alikuwa amezinduka, na kwenye sinia lilibaki tonge moja tu.