Barafu Iliyooshwa Mara Tatu

Sulemani, fundi magari wa Buyenzi, alikuwa na uvimbe shingoni unaodunda kama moyo wa pili. Daktari Anselme alimwita mkewe, Mwanne, akamweleza bila kuzunguka: mshipa mkubwa umetanuka, utapasuka wakati wowote.

"Mama Hayat, mi nitafunga mushipa dakika makumi mbili. Damu haitafika mu kichwa. Kichwa ikikuwa baridi sana, ubongo inavumilia. Mashini yetu ya barafu ilikufa, na juu ya embargo hakuna pièce ya kuitengeneza. Leta mifuko ine, kesho saa mbili."

Mwaka huo wa tisini na saba, nchi ikiwa vitani na chini ya vikwazo vya majirani, barafu Bujumbura ilikuwa adimu karibu sawa na amani. Mwanne alizunguka mtaa wa Asiatique mzima akaambulia pole. Mwishowe akaahidiwa barafu mtaa wa Kibenga, na Zénon mwenye baa, ambaye jenereta yake ilikuwa bado na mafuta. Asubuhi Zénon akampakilia mifuko minne kwenye teksi, bure.

Teksi ikanuka bia. Mwanne akafungua mfuko mmoja, akaona povu limegandia barafu na kizibo cha chupa juu yake. Mume wake, ambaye hajaonja kileo maisha yake yote, aende kwenye kisu, pengine kwa Mola wake, kichwa kimelazwa kwenye pombe? Hata! Penye bomba la uani hospitalini akaimwaga barafu yote kwenye beseni, akaiosha mara tatu, kama anavyoosha chombo kilichonajisika. Alifanya kwa mapenzi, bila haraka, na jua lilikuwa limeshapanda.

Muuguzi Danielle akapokea mifuko miwili isiyojaa.

"Ingine iko wapi, mama?"

Mwanne akamsukumia ile miwili. Ndani, uvimbe ulikuwa umeanza kuvuja. Hapakuwa na kungoja.

"Barafu iliisha mu dakika kumi," Anselme alimwambia adhuhuri, macho chini. "Mushipa tumetengeneza. Ubongo, apana."

Daktari hakumuuliza kwa nini mifuko ilikuwa miwili. Laiti angemuuliza, angemgombeza, angalau wangekuwa wawili wanaojua.

Sulemani yu hai. Yeye aliyejua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu, sasa hajui jina la binti yake, Hayat. Kila adhana Mwanne humtawadhisha. Uso na mikono humaliza upesi. Akifika kichwani, kiganja chake chenye maji hukwama hewani, naye hulia mpaka swala inampita.