Tarehe ya Ruffin

Vidole vyangu vinajulikana mtaa mzima wa Mabanga. Kwenye sekretarieti yangu, kibanda cha kupigia watu chapa, barua ya kuomba kazi naimaliza kabla mteja hajamaliza kunisimulia shida zake. Kazi moja tu ndiyo iliyonishinda.

Shemeji yangu Onésime alikuwa ameshuka kutoka Masisi kuchukua tangazo la matanga ya mume wangu, Ruffin. Miaka miwili iliyopita Ruffin alikwenda Rutshuru kununua maharagwe. Gari lake lilionekana Kalengera, basi. Hakuna mwili, hakuna simu. Ukoo ulikaa, ukaamua kwamba Jumamosi aliliwe, msalaba uwekwe, watu wapumue. Mimi sikuulizwa. Niliombwa tu kupiga karatasi.

Nikapiga jina, wazazi, mahali alipozaliwa. Katika kazi yetu tarehe ya kufa huandikwa mwisho, ndugu akiwa amesimama pembeni kuhakikisha. Onésime akasimama. Kwenye klavye zetu za Kifaransa, yaani kibodi, namba haitoki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Nikakishikilia, nikakwama. Niandike siku gani? Siku gari lilipoonekana, au siku ukoo ulipokata tamaa? Kidole kikabaki palepale.

Mashine ikalia, mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa miaka tisa ya kazi. Kisanduku kikajitokeza na swali. Sikulisoma, nikabonyeza kukubali, kama ninavyofukuza kero zote, kikaondoka. Nikapiga namba. Haikutoka. Nikapiga tena, kwa hasira. Kila nilipogusa nilisikia mlio mdogo tu, na nafasi ya tarehe ikabaki tupu.

Onésime akavua kofia.

"Mama Aubin, ni yeye anakatala," alisema polepole. "Mutu mwenye alishakufa hawezi katala."

Haki ya Mungu, nilifurahi. Niliogopa, na bado nilifurahi. Miaka miwili nilikuwa nikiwaambia kwamba yuko hai, wakaniona nimechanganyikiwa. Sasa Onésime alikuwa ameshatoa simu ili awaambie wazee waahirishe matanga.

Hapo akaingia Dorine, mwenye fotokopi mlango wa pili, kuazima karatasi. Akatazama, akagusa klavye, akacheka. Akanieleza kwamba nilishikilia kile kitufe mno, mashine ikauliza kama nahitaji msaada, nami nikaikubalia.

"Iko ya batu benye mikono inatetemeka," alisema. "Ukigusa mbio, inafikiri umekosea. Finya, bakisha kidole, itaitika. Ao niitoshe, irudi kama zamani?"

Onésime alinitazama, simu sikioni. Ningeweza kusema kwamba Dorine hajui kitu. Angeniamini, kwa sababu naye alitaka sana kuamini. Ruffin alikuwa mdogo wake wa mwisho. Nikayaona macho yake yanavyonisihi, nikajua kwamba nikidanganya leo, mzee huyu ataanza kusubiri gari kila jioni, kama mimi. Hali hiyo simtakii hata adui.

Nikamtikisia kichwa: si Ruffin aliyekataa. Akateremsha simu.

Nikamwambia Dorine aiache mashine ilivyo. Nilichagua siku ile Ruffin aliponiaga mlangoni. Nikafinya namba ya kwanza, nikasubiri, ikatoka. Nikafinya ya pili. Mahali pa kupita mbio hapakuwapo. Nilimzika mume wangu namba moja moja, na ile ya mwisho niliibakishia kidole muda mrefu kuliko mashine ilivyohitaji.