Mkono wa Kushoto wa Koti

Mkono wa kushoto wa koti hukatwa mpana kidogo kuliko wa kulia, ili saa ipate pa kukaa. Mafundi wengi husahau. Marehemu fundi hakuwahi kusahau, na binti yake, aliyeshika mkasi tangu vidole vya mzee vilipoanza kutetemeka, alirithi hilo angalau. Siku hiyo alikuwa anamalizia suti nyeusi ya kaka yake, ya kuvaa Jumamosi kwenye hafla ya kukabidhiwa duka la baba yao.

Kaka mtu hakuwahi hata kutunga uzi kwenye sindano. Lakini ndiye kifungua mimba, tena mwanamume, na baba mdogo alikwisha kata shauri: duka akipewa binti, siku ya kuolewa ataondoka nalo. Binti aliendelea kushona. Ilimuuma, na sana, ila suti haijishoni.

Kaka alipokuja kujaribu koti, baba mdogo alimtazama mkononi. Palikuwa na saa ya dhahabu, nene kama kitumbua.

"Hiyo ni ya kuogelea au ya nini?" aliuliza. "Shughuli ya heshima inataka saa nyembamba, mkanda wa ngozi, mweusi kama viatu. Ijifiche chini ya mkono wa shati, ichungulie tu. Na usiitazametazame, wageni wataona unawafukuza. Vaa ya marehemu."

Saa ya marehemu ikatolewa kabatini. Kaka akaivaa, akanyoosha mkono. Saa ikafungua mkanda wake, ikashuka mezani, ikatambaa kati ya chaki na mkasi, ikapanda mkono wa binti na kujifunga kwenye tundu la mwisho, maana mkono wake ulikuwa mwembamba.

"Mkanda umelegea," alisema baba mdogo. Akairudisha kwa kaka. Ikaondoka tena. Wakaifunga kwa uzi wa kushonea viatu. Saa ikangoja wamalize chai, ikafumua fundo, ikaenda zake.

Akaitwa shangazi, ambaye katika ukoo ule hakuna aliyeoa wala kuzikwa bila yeye kupanga nani akae wapi. Aliisindikiza saa kwa macho kutoka mkono hadi mkono huku akipuliza kikombe chake.

"Inamtaka huyu," alisema.

Binti aliinua uso. Siku zote alizokaa kimya alikuwa anamngojea mtu mzima mmoja aseme neno hilo, na sasa limesemwa, mbele ya watu.

"Taabu ni kwamba haimfai," shangazi akaendelea. "Saa ya kiume kwa mwanamke, mbele ya mgeni rasmi? Tutaonekana hatukulelewa."

"Baba alisema duka ni la anayelifungua asubuhi," alisema binti.

"Alisema mengi, Mungu amrehemu. Hapa tunazungumzia saa, mwanangu."

Baba mdogo alikuna kidevu. Kisha akamuuliza binti kama koti linaweza kufumuliwa ubavuni, ili mtu wa pili asimame nyuma na kupitisha mkono wake ndani ya mkono wa koti.

"Wewe si fundi?"

"Ni fundi, baba."

"Basi."

Akafumua mshono wa ubavuni, akakunja bitana vizuri isije ikamkwaruza kaka. Jumamosi mchana alisimama nyuma ya kaka yake, mkono wake wa kushoto umetokeza pale ulipopaswa kutokeza wa kaka. Mkono halisi wa kaka ulifichwa tumboni, chini ya koti. Wageni waliona kiganja kidogo chenye alama za sindano na subana aliyosahau kuivua kidoleni. Lakini saa ilikaa sawasawa, ikichungulia tu.

"Kijana anajua kuvaa," alisema mgeni rasmi, na wengi wakaitikia kwa vichwa.

Ufunguo wa heshima hupokewa kwa mikono miwili. Ukawekwa kwenye kiganja cha kushoto, na mkono wa kulia wa kaka ukaja kufunika juu. Binti aliujua kwa kuugusa, hasa lile jino lililolika ambalo huhitaji kuinuliwa kidogo mlangoni. Akafumba vidole. Kaka akavuta, ufunguo haukutoka. Makofi yakapigwa, yakaisha, yakapigwa tena kwa adabu.

"Achia, mama," shangazi alimnong'oneza kwa upole kabisa.

Akaachia.

Jumatatu kaka alimpa ufunguo jikoni, kabla hajarudi kulala, kwa sababu yeye na asubuhi hawajawahi kuelewana. Binti akauinua kidogo mlangoni, akafungua duka, akaketi kwenye cherehani. Saa ilikuwa mkononi mwake, chini ya mkono wa gauni, na hakuna aliyeitaka, maana ilikuwa siku ya kazi tu.

Karibu na adhuhuri kaka akapita na lile koti begani.

"Mwezi ujao naalikwa kwenye chama cha wenye maduka," alisema. "Usilizibe ubavuni."

Binti alilipokea, akaligeuza ndani nje. Uwazi wa ubavuni ulikuwa umeanza kufumuka nyuzi. Akaupiga pindo imara, akauwekea vifungo vya rangi ileile ya kitambaa, visionekane, kwa kuwa utatumika siku nyingi.